Ardhi, Maji na Majanga ya Asili: Maswali Ambayo Wakazi wa Nairobi Huuliza Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mvua inapozidi, ardhi inapotikisika au kisima kinapopunguza maji. Majibu yanategemea kazi ya idara na mashirika ya umma yanayochunguza miamba, mito, hali ya hewa na sura ya nchi. Msomaji ataona kwamba mara nyingi jibu linatenganisha mambo matatu yanayochanganywa katika mazungumzo ya kila siku: kilichopimwa, kilichokadiriwa na kinachotabiriwa. Mtu akishajua ni lipi kati ya hayo analoambiwa, atajua pia aamini kwa kiasi gani.

Ni idara ipi ya serikali inayoshughulikia mambo haya?

Hakuna idara moja inayobeba mzigo wote, na hilo ndilo linalomchosha mwananchi mwenye swali moja tu. Miamba na madini yako mikononi mwa wanajiolojia wa wizara inayosimamia madini, ambao kwa miaka mingi wamekuwa na ofisi zao katika jumba la Madini House, Barabara ya Machakos, Eneo la Viwanda. Mito, maziwa na maji ya ardhini yanasimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha WRA. Mamlaka hiyo imeigawa nchi katika maeneo sita ya mabonde, na Nairobi imo katika bonde la mto Athi. Mvua, joto na upepo hupimwa na Idara ya Hali ya Hewa yenye makao Dagoretti Corner. Ramani rasmi hutoka kwa wapima ardhi wa serikali walioko Ruaraka, na ukame una mamlaka yake.

Yapo pia mashirika ambayo watu hawayahesabu kuwa ya utafiti ingawa ndiyo yenye kumbukumbu nono. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi wamechimba visima vya mvuke Olkaria na Menengai vinavyofika kina cha kilomita mbili na zaidi, na kila kisima kimefunua mwamba ambao hapo awali ulikuwa ukikisiwa tu. Nairobi ina bahati nyingine ya kuwa na taasisi za kikanda: kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), yaani ICPAC, na kituo cha ramani na rasilimali cha RCMRD kilichoko Kasarani, ambacho kilianzishwa mwaka 1975.

Nairobi imejengwa juu ya mwamba wa aina gani?

Karibu jiji lote limekaa juu ya mazao ya volkano. Chini kabisa kuna miamba ya kale sana iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, na juu yake zimelala tabaka baada ya tabaka za lava na majivu yaliyotoka katika milipuko iliyofuatana na kufunguka kwa Bonde la Ufa. Mawe mengi ya kuchonga ambayo mafundi wa Nairobi huyajengea kuta ni majivu hayohayo yaliyogandamana hadi yakawa mwamba. Ukilitazama jiwe hilo kwa karibu, utaona vipande vidogo vya mawe ya rangi tofauti vimenaswa ndani yake, na matundu madogo yaliyoachwa na gesi.

Udongo nao umegawanyika. Magharibi, kuelekea Kikuyu na Limuru, kuna udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Mashariki na kusini, kuanzia South C hadi Embakasi na kuendelea kwenye tambarare za Athi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba unapolowa na kupasuka wakati wa kiangazi, hata mtu akaweza kutia mkono katika nyufa zake. Msingi uliomfaa jamaa yako kule Kikuyu hautakufaa Embakasi. Mhandisi mwangalifu huuondoa udongo huo mweusi wote au hushusha msingi hadi kwenye mwamba, na gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa kabla ya ploti kununuliwa.

Je, tetemeko kubwa la ardhi linaweza kuipiga Nairobi?

Jiji lenyewe halijulikani kuwa chanzo cha matetemeko makubwa, lakini liko jirani na mahali yanapotokea. Tetemeko kubwa zaidi kupimwa nchini Kenya ni la Subukia, tarehe 6 Januari 1928, ambalo lilikuwa na ukubwa wa 6.9. Liliacha mpasuko ulioonekana juu ya ardhi kwa urefu wa takriban kilomita 38, na katika baadhi ya sehemu upande mmoja ulishuka kwa zaidi ya mita mbili. Wakati huo eneo lile halikuwa na majumba ya ghorofa. Tetemeko kama hilo likitokea leo, halitaikuta nchi ileile.

Wengi wanakumbuka zaidi Julai 2007, wakati mfululizo wa mitetemo iliyotokea kaskazini mwa Tanzania, karibu na volkano ya Ol Doinyo Lengai, ulipowatoa watu mbio katika majengo marefu ya katikati ya jiji. Ule mkubwa, wa tarehe 17 Julai, ulikuwa na ukubwa wa 5.9. Wiki chache baadaye volkano hiyo ililipuka.

Kenya imekuwa na kanuni za ujenzi zinazohusu matetemeko tangu mwaka 1973. Katika kipindi hiki chote, hata hivyo, majengo ya Nairobi yameanguka bila tetemeko lolote: nondo chache, kokoto chafu, saruji iliyopunguzwa, ghorofa zilizoongezwa juu ya msingi usiozihimili. Jengo lisiloweza kusimama siku ya kawaida halina haja ya kusubiri Bonde la Ufa.

Wanasayansi wanaweza kutabiri siku ambayo tetemeko litatokea?

Hapana. Hakuna nchi yoyote duniani inayoweza kufanya hivyo. Ujumbe wowote unaosambazwa kwa simu ukitaja siku na saa ni uongo, hata ukiwa na nembo ya idara. Kinachowezekana ni kukadiria ni maeneo yapi yana uwezekano mkubwa zaidi katika miongo ijayo, na kupima mitetemo inapotokea. Kituo cha Kilima Mbogo, karibu na Thika, ni mojawapo ya vituo vinavyotuma takwimu za mitetemo katika mitandao ya kimataifa.

Volkano zilizo karibu nasi zimekufa?

Neno linalofaa zaidi ni kwamba zimelala. Suswa iko takriban kilomita 50 kutoka Nairobi na Longonot si mbali zaidi sana. Kileleni Longonot ina mita 2,776, na watu huipanda wikendi kana kwamba ni kilima tu. Inadhaniwa kuwa ilitoa lava kwa mara ya mwisho katika karne ya 19, jambo ambalo kwa umri wa volkano ni kama jana.

Lililobadilisha mawazo ya wataalamu ni rada za setilaiti. Setilaiti hupita juu ya mahali pamoja mara nyingi, hulinganisha umbali wa ardhi katika kila safari, na huweza kutambua mwinuko wa sentimita chache ambao mtu aliyesimama pale asingeuhisi. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba kati ya 2004 na 2006 Longonot ilipanda kwa takriban sentimita 9, na kwamba Paka, volkano iliyoko kaskazini mwa ziwa Baringo, ilipanda takriban sentimita 21 katika miezi isiyozidi tisa kati ya 2006 na 2007. Suswa na Menengai zilikuwa zimeshuka kidogo katika miaka ya mwisho ya 1990. Kupanda huko hakumaanishi kwamba mlipuko unakuja. Mara nyingi ni gesi, maji moto au magma (mwamba ulioyeyuka) vinavyosogea kisha kutulia. Maana yake ni kwamba chini kuna uhai, na kwamba mlima unaopumua unastahili vipimo vya kudumu vilivyowekwa mlimani penyewe, kwa kuwa picha ya setilaiti inayochambuliwa baada ya miaka miwili inawafaa wanahistoria kuliko watu wa Mai Mahiu.

Ule ufa uliokata barabara ya Narok mwaka 2018 ulikuwa dalili ya Afrika kupasuka?

Picha za Machi 2018 zilizunguka dunia nzima, na maelezo yaliyoambatana nazo mengi yalizidisha chumvi. Ni kweli kwamba upande wa mashariki wa Afrika unaachana na sehemu nyingine ya bara, lakini kasi yenyewe ni milimita chache kwa mwaka. Kwa mwendo huo, mwanya wa upana wa mita kumi na zaidi haufunguki katika usiku mmoja.

Kilichotokea kina maelezo ya karibu zaidi. Eneo la Suswa limefunikwa na majivu ya volkano ambayo ni laini na mepesi kubebwa na maji. Mvua kubwa hupenya, hupata njia chini ya uso wa ardhi, na kila msimu huchukua majivu zaidi hadi inachimba mfereji usioonekana kutoka juu. Siku paa la mfereji huo linapoporomoka, mkulima huamka akakuta bonde shambani. Wapo wanajiolojia wanaosema kwamba maji hayo yalifuata mipasuko ya zamani iliyofukiwa na majivu, na hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mabonde ya namna hiyo huonekana kujipanga kwa mstari. Hata hivyo, aliyelichimba shimo lile ni mvua. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Anayeamini kwamba bara linapasuka hana la kufanya, ilhali anayejua kwamba ni maji anaweza kuuliza ni wapi mifereji ya barabara inamwaga maji yake, na kwa nini kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, ilielekezwa shambani kwa jirani.

Kwa nini Nairobi hufurika hata siku ambayo mtaani kwetu hakujanyesha?

Kwa sababu maji hayakuanzia mtaani kwenu. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare inateremka kutoka nyanda za juu za magharibi. Chanzo kimoja cha mto Nairobi ni kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kilicho katika mwinuko wa takriban mita 2,000. Kutoka huko maji hushuka mamia ya mita hadi tambarare za mashariki, hujiunga na mto Athi na hatimaye hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mvua ya jioni ikinyesha Kikuyu au Limuru, maji yatapita Mathare na Mukuru usiku watu wakiwa wamelala.

Kuna sababu nyingine tatu ambazo hukutana. Paa, lami na uwanja uliotiwa saruji havinywi maji, kwa hiyo mvua ambayo zamani ingekaa udongoni siku kadhaa sasa hufika mtoni kwa muda mfupi sana. Udongo mweusi wa mashariki nao ukishashiba hufunga kabisa, na kwa kuwa ardhi ni tambarare, maji hayana pa kwenda; ndiyo maana South C na Imara Daima hujaa maji ingawa hazijapakana na mto mkubwa. Na mito yenyewe imebanwa. Taka hujaza njia za maji chini ya madaraja, na kuta za watu binafsi huupunguza upana wa mto hatua kwa hatua.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 kote nchini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yalibomoa njia huko Old Kijabe na kushuka hadi Mai Mahiu, ambako makumi ya watu walifariki. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyopita chini yake kuzibwa na mawe, miti na matope. Hapakuwa na bwawa lililosajiliwa la kukaguliwa. Palikuwa na tuta ambalo liligeuka bwawa. Tangu hapo, swali la kuuliza kuhusu bonde lolote linalovukwa na barabara au reli ni iwapo kuna anayekwenda kuitazama kalavati kabla ya mvua.

Nyumba inapaswa kuwa mita ngapi kutoka mtoni?

Kanuni za maji zimetaja upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kwa kila upande, kutegemea upana wa mto. Mnamo 2024 serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 waondoke. Idadi ya mita ndiyo inayobishaniwa sana, lakini swali gumu zaidi ni pa kuanzia kupima. Ukianzia kwenye maji ya Agosti, mto ni kijito. Ukianzia kwenye alama ya juu ambayo mafuriko yamewahi kufika, ploti nyingi zitakuwa zimeliwa zote. Mnunuzi atumie alama hiyo ya pili. Awaulize wakazi wa zamani maji yalifika wapi mwaka 1997, 2018 na 2024, kisha atazame kuta za majirani, kwa sababu tope huacha mstari ambao rangi mpya huuficha kwa shida. Hatimiliki haizuii maji.

Mto hupimwa vipi?

Kazi hii haina mbwembwe na ndiyo msingi wa kila kitu kingine. Kwenye nguzo ya daraja au ukingoni kumesimikwa ubao wenye alama za sentimita, na msomaji wa kipimio, mara nyingi mkazi wa karibu anayelipwa posho, huusoma kila siku na kuandika kina kwenye daftari. Katika vituo vilivyoboreshwa, chombo hurekodi chenyewe na kutuma takwimu kwa njia ya simu.

Kina peke yake hakisemi ni maji kiasi gani yanayopita. Kwa hiyo mara kadhaa kwa mwaka mafundi huja na kifaa cha kupimia mwendo wa maji, wakaugawa mto katika vipande kutoka ukingo hadi ukingo, wakapima kina na kasi ya kila kipande, kisha wakajumlisha. Vipimo vingi vya namna hiyo vikiwekwa pamoja, hupatikana mchoro unaohusisha kina na wingi wa maji. Tatizo ni kwamba mafuriko yakipita hubadilisha sakafu ya mto, na mchoro wa jana unakuwa wa mto mwingine. Kupima wakati wa mafuriko ni hatari, na ubao wenyewe huenda umechukuliwa na maji, hivyo takwimu tunazozihitaji kuliko zote ndizo zinazokosekana. Kipimio kikiharibika na kikakaa miaka mitatu bila kurudishwa, pengo hilo halizibiki tena. Yapo makadirio, lakini mhandisi anayebuni daraja kwa makadirio hulazimika kuongeza zege au kuongeza hatari. Kama bajeti ingekuwa yangu kuigawa, ningewalipa wasomaji wa vipimio kwa wakati kabla ya kununua ndege ya kupiga picha.

Mbona utabiri wa msimu husema "uwezekano wa mvua kuzidi wastani" badala ya kusema itanyesha au haitanyesha?

Kwa sababu hiyo ndiyo kauli ya kweli. Utabiri wa siku moja au mbili hutegemea mawingu na upepo vinavyoonekana sasa; wa msimu hutegemea joto la bahari, ambalo huegemeza mambo upande mmoja bila kuyalazimisha. Kwa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, Wakenya wanaijua El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, lakini Bahari ya Hindi ina sauti kubwa pia: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua ya Afrika Mashariki huelekea kuzidi. Mwaka 2019 mvua hizo zilikuwa kubwa mno ingawa Pasifiki haikuwa na El Niño ya maana. Mwaka 1997, na tena 2023, zote mbili zilielekea upande mmoja, na mafuriko yakafuata.

Mnamo 2023 wananchi walisikia matangazo yaliyopishana kuhusu iwapo El Niño ingekuja au la, na wengine wakaacha kuzibua mifereji. Mabishano yalikuwa juu ya jina. Mvua kubwa ilikuwa tayari kwenye utabiri. Masika, kwa upande wake, hayatabiriki kirahisi kama vuli, na nchi imewahi kukosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022.

Nataka kuchimba kisima nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa, ambaye atachunguza eneo na kuandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo inayoambatana na ombi la kibali kwa WRA. Utahitaji pia idhini ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Baada ya kuchimba, kisima hupimwa kwa kuvutwa maji saa nyingi mfululizo huku fundi akishusha ndani utepe wenye ncha inayolia inapogusa maji, akiandika kila baada ya muda maji yameshuka kiasi gani, na pampu ikizimwa, yanarudi kwa kasi gani. Usikubali kukabidhiwa kisima bila karatasi ya jaribio hilo, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia pampu ya kununua na mahali pa kuitundika. Pampu kubwa kuliko uwezo wa mwamba hukausha kisima, ikaungua, na lawama akapewa fundi wa umeme.

Visima vingi vya Nairobi hufika kati ya mita 150 na 350. Maji yake hayatokani na mvua ya uani kwako. Kwa sehemu kubwa huingia ardhini katika miinuko ya magharibi, kisha husafiri polepole kati ya tabaka za lava. Visima vilivyochimbwa jijini ni maelfu, na katika sehemu kadhaa kiwango cha maji kimeshuka kwa makumi ya mita tangu katikati ya karne iliyopita. Jirani yako akichimba, mnavuta kutoka sufuria moja. Kwa hiyo mita ya maji inayodaiwa na mamlaka, ambayo wengi huiona kuwa njia ya kutoza ada tu, inasaidia kujua sufuria imebaki na nini.

Tahadhari kuhusu habari za "hazina kubwa ya maji" zinazotangazwa baada ya uchunguzi wa setilaiti. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Turkana ina akiba kubwa sana ya maji ya ardhini, hasa eneo la Lotikipi. Visima vya majaribio vilipochimbwa, maji ya Lotikipi yalikutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Setilaiti ilionyesha mahali pa kutafuta. Ladha ya maji ilingoja kuchimbwa.

Maji ya kisima yanaonekana safi. Bado niyapeleke maabara?

Ndiyo, na uagize kipimo cha floraidi kwa jina. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na ya Nairobi hutoa floraidi, na kadiri maji yanavyokaa muda mrefu kwenye mwamba ndivyo kiasi kinavyoongezeka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya jiji huvuka hapo. Watoto wanaokua wakinywa maji hayo hupata meno ya madoa ya kahawia. Kwa viwango vya juu zaidi, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanayotoka kama mvuke huacha floraidi nyuma. Njia zinazofanya kazi ni kuyachanganya na maji ya mfereji au ya mvua, kuyapitisha kwenye mitambo maalumu ya kuchuja, au kuyachuja kwa makaa ya mifupa ya wanyama iliyochomwa, kama ilivyofanyika Nakuru.

Maji ya mfereji yanatoka wapi, na utafiti unahusikaje?

Sehemu kubwa zaidi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Sasumua na Ruiru huongeza, na chemichemi za Kikuyu, zilizokuwa chanzo cha kwanza cha jiji mwanzoni mwa karne ya 20, bado zinatoa kidogo. Maji mengi asili yake ni milima ya Nyandarua, kwa hiyo mgao wa Eastlands unategemea mvua na msitu wa Murang'a na Nyandarua. Handaki la Kaskazini, lenye urefu wa karibu kilomita 12, lilichimbwa ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati, na lilizua hofu yenye msingi miongoni mwa wakazi wa sehemu za chini za mito hiyo. Hofu hiyo haitatuliwi kwa hotuba. Inahitaji vipimo vya mito hiyo vinavyochapishwa, vya kabla na baada ya handaki.

Mbona maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda?

Kuanzia takriban 2010 Naivasha, Nakuru, Bogoria, Baringo na Turkana yote yalianza kupanda, na kufikia 2020 shule, hoteli, mashamba na nyumba zilikuwa majini. Ziwa Nakuru liliongezeka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Serikali iliunda timu ya wataalamu, na ripoti yao ya 2021 ilitaja mvua iliyoongezeka kuwa sababu kuu, ikisaidiwa na udongo unaomomonyoka kwenye miinuko na kujaza maziwa, huku mienendo ya miamba ikitajwa pia. Maziwa mengi kati ya haya hayana mto wa kuyatoa maji, hivyo ziada ndogo ya kila mwaka hujumlishwa.

Kumbukumbu za zamani zinaonyesha kwamba Naivasha lilikuwa juu mwanzoni mwa karne iliyopita, likashuka sana kufikia miaka ya 1940. Waliojenga ufukweni katika miaka ya ukame walijenga ndani ya ziwa bila kujua, ingawa takwimu zilikuwepo makabatini.

Takwimu hizi zinapatikana kwa umma?

Baadhi. Ramani na ripoti za kijiolojia huuzwa au husomwa Madini House, na zile za miaka ya 1950 na 1960 bado zina thamani kwa kuwa mwamba haujahama. Picha za setilaiti za Ulaya na Marekani ni bure kwa yeyote. Takwimu za kila siku za mvua na mito hulipiwa mara nyingi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hasara kwa nchi: mlipakodi amekwisha kuzilipia, na mwanafunzi anayeshindwa kuzinunua huishia kutumia makadirio ya kompyuta yaliyoundwa ng'ambo.

Nimeona ufa mpya au chemichemi mpya kwenye mteremko nyumbani mashambani. Nifanye nini?

Swali hili huulizwa zaidi na wenye wazazi Murang'a, Nyandarua, Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi, ambako mnamo Novemba 2019 maporomoko ya usiku yaliua makumi ya watu. Dalili za kuogopwa ni ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, miti au nguzo zinazoinama upande mmoja, milango inayokataa kufunga ghafla, na maji yanayochipuka mahali palipokuwa pakavu, hasa yakiwa na tope.

Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha, kama jembe, kando ya ufa. Andika tarehe na mahali kwa ramani ya simu, kisha upeleke taarifa kwa chifu na kwa ofisi ya majanga ya kaunti, ukiomba jina la aliyeipokea. Simika vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na upime umbali kati yake kila asubuhi. Umbali ukiongezeka wakati wa mvua, familia isilale pale usiku huo, hata kama mwanajiolojia hajafika.